Shairi na Jawabu Lake

Katika mji wa London, ambako riziki imenikalisha, ipo desturi ya kusoma mashairi nyakati za usiku katika maduka ya vitabu, katika kumbi za vyuo na katika vyumba vya juu vya mikahawa, nayo ni desturi yenye adabu nyingi. Malenga huinuka na kitabu chake mkononi, akaeleza kwanza jambo lililomsukuma kutunga, kisha akasoma kwa sauti ya mazungumzo, pasipo mahadhi. Wasikilizaji hunyamaza kwa taadhima hata mwenye kikohozi akajizuia. Na akiisha kusoma hupigiwa makofi, akaulizwa habari za maisha yake, akauza nakala chache za kitabu na kuzitia sahihi. Baada ya hapo watu hutawanyika, na shairi limekwisha. Hapana aliyelijibu, kwa kuwa hapana aliyetazamiwa kulijibu.

Katika mji huo huo nimejuana na watu wa visiwa vya Lamu, ambao kwao mambo ni kinyume kabisa. Mimi mwenyewe ni mtu wa bara. Nimezaliwa Kivaa, katika Masinga ya Machakos, ambako mto Tana umezuiwa kwa mabwawa na ambako mvua ikikosa misimu miwili watu huanza kupima nafaka kwa kikombe. Bahari niliiona nikiwa mtu mzima, na mashairi ya Amu, Pate na Siyu sikuyarithi kwa wazee wangu, bali niliyakuta shuleni yakiwa somo la mtihani. Yamkini ndiyo sababu ilinibidi kusafiri hata ugenini ili niyasikie kwa mara ya kwanza yakiwa hai. Mzee mmoja wa Kiamu, aliyeishi Uingereza miaka mingi kuliko aliyoishi kisiwani kwake, na ambaye mimi humwita Mwalimu kwa kuwa ndivyo alivyonifaa, alinisikia siku moja nikimsifu malenga fulani niliyemsikiliza mjini. Akaniuliza, "Na ni nani aliyemjibu?" Nikasema hakuna. "Mwanangu," akaniambia, "kutoa salamu ni suna, kuitikia ni faradhi. Na shairi ni vivyo hivyo. Mtu huyo mmemwacha mlangoni."

Tangu hapo nimekuwa nikiyatazama mashairi ya visiwa kwa jicho hilo, na kila nigeukapo naona kwamba Mwalimu hakusema kwa kupendezesha maneno tu. Mwanzoni mwa karne ya 19, Waamu walipopambana na Mombasa na Pate katika vita ambavyo wengine huviita vya Shela na wengine vya Kuduhu, mashairi yalikuwa yakivuka maji baina ya miji hiyo, kila upande ukitupa neno na kungoja neno, na miongoni mwa waliojibizana alikuwamo Muyaka bin Haji wa Mombasa na Bwana Zahidi Mgumi wa Lamu. Aliyejibu aghalabu alimfuata mwenziwe katika bahari ile ile na vina vile vile, ili ushindi wake uwe ushindi wa hoja na wa ufundi kwa pamoja. Diwani ya Muyaka, aliyoitoa William Hichens huko Johannesburg mwaka 1940 kutokana na mashairi ambayo W. E. Taylor aliyakusanya Mombasa kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, ni kitabu chenye thamani isiyokadirika. Lakini humo aghalabu twamsikia Muyaka peke yake, nasi tukabaki kukisia alichoambiwa hata akasema aliyoyasema. Ilibidi tungoje hata mwaka 1995, Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff walipotoa huko Michigan kitabu cha Mashairi ya Vita vya Kuduhu, ndipo ugomvi ule ukasomeka kama ugomvi, wenye pande na zamu. Nami naona ni jambo la kutia moyo kwamba mmoja wa wahariri hao alikuwa mwana wa Unguja aliyekuwa ugenini, mtu aliyejua kwa kuzaliwa kwamba shairi moja ni nusu ya habari.

Lakini ushahidi mkubwa kuliko wote ni kisa cha Fumo Liyongo, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu kisa hiki kila mtoto wa shule katika Kenya amekisikia, na wachache sana tumekisikiliza. Muhamadi Kijuma wa Lamu alikitunga katika utendi mwaka 1913, akieleza jinsi mfalme wa Pate alivyomwonea wivu Liyongo kwa nguvu zake na sifa zake, akamtia gerezani, akaazimia kumwua. Mama yake alikuwa akimpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi wao Saada, na kila chakula kilichokuwa kizuri walinzi walikila wao, wakamwachia makombo. Liyongo akatunga wimbo, akamwimbia Saada mlangoni mbele ya walinzi wenyewe, na ndani ya wimbo akamwagiza mama yake atengeneze mkate wa wishwa, na ndani ya wishwa atie tupa. Walinzi walisikia wimbo. Saada alisikia ujumbe. Mkate ulipoletwa waliudharau, wakampa mfungwa mkate na chuma kilichokuwamo.

Mpaka hapa tunaona werevu wa mtu mmoja, na ndivyo tulivyofundishwa. Tazama lakini yaliyofuata. Alipoulizwa kabla ya kuuawa ana haja gani ya mwisho, Liyongo aliomba ngoma ya gungu, watu wa mji wakusanyike nje ya gereza na vyombo vyote vya shangwe, naye akawafundisha nyimbo watakazoimba. Watu wakaja. Wao wakaimba na kupiga matoazi na mabaragumu, naye ndani akakereza pingu kwa tupa, na sauti ya chuma ikamezwa na sauti ya waitikiaji. Alipotoka akavunja mlango, wale waliokuwa wakimwimbia wakakimbia kwa hofu, pasipo kujua kwamba ni wao waliomfungua. Shairi lake la kwanza lilihitaji msikilizaji mmoja mwenye akili, na la pili lilihitaji mji mzima uitikie. Na kama watu wa Pate wangalikuja kumsikiliza kwa ule ukimya wa adabu nilioueleza hapo mwanzo, Liyongo angalikufa siku ile pamoja na ufundi wake wote.

Nchi ya Liyongo, kwa masimulizi ya watu wa huko, ilikuwa Ozi na Shaka, kwenye mlango wa mto Tana karibu na Kipini. Nilipolijua jambo hili nilistaajabu, kwa sababu maji yanayofika Kipini ndiyo yale yale yanayopita kwetu. Na mimi niliyeambiwa utotoni kwamba mashairi ni mali ya watu wa mbali, kumbe nilikuwa nimekaa kwenye mto wao. Nitalirudia neno hili.

Gereza limetoa mashairi mengine katika zama zetu. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa tangu mwaka 1969 hata mwaka 1972 kwa kuandika karatasi iliyouliza Kenya inakwenda wapi, na mashairi aliyoyatunga kifungoni, ambayo aliyaandika kwa siri juu ya karatasi za msalani, yalitoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Baadaye alikwenda Dar es Salaam, akaja London kufanya kazi katika Idhaa ya Kiswahili ya BBC, kisha akafundisha Leipzig miaka mingi. Kinachonigusa mimi katika diwani ile ni kwamba mtu aliyenyimwa wa kuzungumza naye aliweza hata humo kutunga majibizano, akawaweka ndugu wawili wakigombea mnazi, kila mmoja na hoja zake na zamu yake. Hakuwa na mwenzi wa kumjibu, akamtunga mwenzi.

Sasa niseme habari ya karatasi, maana sipendi ionekane kwamba nawalaumu waliozihifadhi. Katika maktaba ya chuo cha SOAS, karibu na Russell Square, zimo hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na nyingi zilizo nzuri kwa mwandiko ni za mkono wa huyo huyo Muhamadi Kijuma, ambaye alikuwa mtunzi, mwandishi wa hati, mchonga milango na fundi wa ngoma, aliyefariki mwaka 1945. Mgeni hupewa meza, hupewa hati, hukatazwa wino na kuruhusiwa kalamu ya risasi tu, na kila mtu chumbani hupekua kimya. Nimekaa kwenye meza hizo, na nimeshukuru kwa dhati, kwa sababu joto na mchwa na chumvi ya visiwani havina huruma kwa karatasi, na mengi yaliyobaki majumbani yamepotea. Lakini hata hapo palipo kimya kuliko pote nilikuta alama ya jawabu. Kijuma hakuziandika hati hizo zikae sandukuni. Aliziandika kwa sababu aliombwa na Alice Werner, akaombwa na Hichens, akaombwa na Ernst Dammann aliyekuja Lamu mwaka 1936, nao wakimwandikia barua, naye akiwarudishia barua pamoja na tenzi. Tunachokiita hazina ya London ni nusu ya mazungumzo baina ya mtu wa kisiwani na watu wa ng'ambo, na ilipokosekana tena barua ya kuuliza, hati zikanyamaza hata walipokuja wenyewe kuzisoma, watu kama Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa aliyekuwa akiishi London, ambaye kwake mwandiko ule ulikuwa mwandiko wa nyumbani.

Miongoni mwa tenzi zilizopita njia hiyo ni ule wa Mwana Kupona binti Msham, aliyezaliwa Pate na kuolewa na Bwana Mataka wa Siyu, ambaye mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake wosia juu ya dini, adabu na maisha ya ndoa. Werner na Hichens waliuchapisha Uingereza mwaka 1934. Ugenini utendi huu umejadiliwa mno katika vitabu vya wanavyuoni, wengine wakimlaumu Mwana Kupona kwa kuhimiza utii wa mke, wengine wakimtetea kwa kuonyesha ujanja uliojificha ndani ya utii huo. Na hoja zote hizo zimeandikwa kwa nathari, katika lugha ambayo mwenyewe hakuijua. Huko Lamu wamefanya jambo jingine. Mwaka 1974 Ustadh Mahmoud Ahmed Abdulkadir, ambaye watu wote humwita Ustadh Mau, kijana wa miaka ishirini na kitu wakati ule, alitunga wosia wake kwa mabanati, yaani wasichana, akiwaonya juu ya hatari za zama zao ambazo mama wa Siyu hakuziona. Sidai kwamba alikusudia kumjibu Mwana Kupona; nasema kwamba kwa wasikilizaji wake ilikuwa zamu nyingine katika mazungumzo yaliyokwisha kuanza, na kwa hiyo hapakuwa na haja ya kueleza kwa nini mashairi yatumike kwa kazi hiyo.

Utungo huo haukuenea kwa kitabu. Uliingizwa katika kanda, ukasomwa kwa mahadhi, ukasikizwa majumbani na madukani, kanda zikanakiliwa na kupelekwa Mombasa na mbali zaidi. Hapa pana tofauti ambayo mtu wa London huiona ngeni: kisiwani, mtunzi si lazima awe msomaji. Mmoja hutunga, na mwenye sauti njema akatafutwa aghani, na hadhi ya mtunzi haipungui, bali huzidi, kwa kuwa shairi limepata mtu wa kulichukua. Na mara nyingi hata utunzi wenyewe huanza kwa kuombwa: kuna harusi, kuna maulidi, kuna ndugu waliogombana, kuna daktari wa kushukuriwa, kuna uchaguzi. Mashairi ya uchaguzi yaliyoitwa Kimwondo, ya katikati ya miaka ya 1970, yaligawanya mji wa Lamu mapande mawili, na kila upande ukawa unatazamia kanda ya upande wa pili kwa hamu ile ile uliyoitazamia ya kwake. Mimi nimeishi katika nchi mbili zenye uchaguzi, na sijaona kwingine ambako mtu humsikiliza mpinzani wake kwa makini mpaka mwisho ili apate kujua vina atakavyomjibia.

Basi na hawa waliohama, wamefanyaje? Nilidhani ningekuta kwamba ugenini umewafanya kuwa kama wenyeji wao, kila mmoja na kitabu chake. Baadhi wamekuwa hivyo, na hasa watoto wao, ambao husoma tenzi katika herufi za Kirumi, wakikwama kwenye kila neno la Kiamu, na kumaliza bila kujua kama walichokisoma ni furaha au msiba. Hasara hii ni kubwa, wala sitaki kuipamba. Watu wa Barawa, waliotawanyika baada ya vita vya Somalia vya mwaka 1991 hata London na miji ya Marekani, wanaijua pia kwa tungo zao za Kibarawa, zikiwamo za Dada Masiti aliyefariki mwaka 1919. Wanawake wao wazima huzighani kwa moyo katika mikusanyiko, na binti zao huzishika katika simu wasije wakazisahau.

Lakini simu hiyo hiyo imefanya jambo ambalo kitabu hakikuliweza. Mwalimu yumo katika kundi la WhatsApp lenye watu wa Lamu, wa Mombasa, wa Maskati na wa Toronto. Usiku mmoja mtu wa Maskati, mzee aliyezaliwa Unguja, hutuma sauti yake akighani beti tatu za kulalamikia wajukuu wasiojua Kiswahili. Kabla ya alfajiri amekwisha kujibiwa kutoka Lamu, kwa vina vyake mwenyewe, akiulizwa yeye alikuwa wapi walipokuwa wadogo. Mtu wa tatu hutia suluhu. Zamani jawabu lilingoja jahazi na pepo za kusi, na baadaye likangoja posta. Leo wanangoja kuamka tu. Ndiyo maana nathubutu kusema kwamba katika jambo hili waliohama na waliobaki ni jamaa moja, na kwamba mgeni wa kweli ni mimi wa bara, na wenzangu tuliofundishwa kwamba shairi ni kitu cha kuhesabiwa.

Kwa kuwa tulihesabu. Shairi lilipoandikwa ubaoni, tulihesabu beti, tukahesabu mishororo, tukahesabu mizani nane na nane, tukapiga mstari chini ya vina vya kati na vya mwisho, tukaandika jina la bahari, tukamaliza. Sheria hizo si mbaya. Sheikh Amri Abedi alizieleza vizuri mwaka 1954 katika kitabu chake, naye pia alikuwa mtu wa bara, wa upande wa Ujiji, aliyetaka mwanagenzi apate pa kushika. Na Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, alikwenda mbele zaidi, akaanzisha ngonjera, ambazo ndani yake pande mbili husimama na kushindana kwa zamu, kwa hiyo hapana atakayedai kwamba jawabu ni siri ya watu wa pwani. Sisi tulichukua hesabu tukaacha zamu. Katika miaka yangu yote ya shule sikumbuki kuulizwa hata siku moja, "Ungemjibuje huyu?"

Na jambo la ajabu ni kwamba nje ya darasa tulilijua vizuri. Wanawake wa Kivaa walipokusanyika katika mwethya kuchimba matuta shambani kwa mmoja wao, alikuwako ngui, yaani manju wao, aliyetoa wimbo akimtaja mvivu na mkarimu, mume aliyepotelea Nairobi na chifu aliyeahidi asitimize. Nao wakaitikia kwa majembe, na mara kwa mara mmoja wa waliotajwa akainua sauti akamrudishia ngui maneno yake, kazi ikasimama kwa kicheko, kisha ikaendelea. Sisi watoto tulikuwa pale tukichota maji ya kunywa. Kesho yake tulikwenda shule kujifunza ushairi.

Mwaka huu nilimsimulia Mwalimu habari hizo, na habari za mto. Mama yake alikuwa mtu wa Kipini. Akanyamaza kidogo, na baada ya siku chache akaniletea beti saba alizozighani mwenyewe, akiwauliza watu wa Kivaa kwa nini wamekaa juu ya maji ya mto wakayazuia kwa mabwawa, tangu Kamburu hata Masinga iliyomalizika mwaka 1981, na huku chini wakulima wa mpunga wanayangoja mafuriko ya msimu ambayo babu zao waliyapandia. Niliipeleka sauti hiyo kwa ndugu yangu mmoja anayefundisha Kiswahili katika shule ya sekondari upande wetu, nikimwomba asiwaambie wanafunzi wahesabu chochote.

Walikasirika, na hasira yao ilikuwa ya haki. Wengi ni watoto wa nyumba ambazo huliona bwawa kila asubuhi na bado hubeba mitungi kwa punda kutafuta maji. Wengine babu zao walihamishwa maji yalipopanda. Jawabu lao lilikuwa na beti tisa, lililoongozwa na msichana mmoja na kuitikiwa na darasa zima, na likazua mzozo kabla ya kutumwa, kwa sababu hapakuwa na ajuaye mahadhi ya Kiamu, na baadhi yao waliona haya kutumia ya mwethya. Mwalimu alipoulizwa alisema kila mtu aimbe kwa koo alilopewa. Aliposikia jawabu alicheka, akaonyesha kina kimoja kilichopotea katika ubeti wa tano, akasema hoja yao imemshika lakini hajaanguka, kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia: akazituma sauti zote mbili kwa jamaa zake wa Kipini, kwa kuwa, alisema, watu wawili wanagombea mgonjwa na mgonjwa hajaulizwa.

Jawabu la Kipini lilifika juma lililopita, la mwanamke mkulima ambaye sauti yake ni nzito na haina haraka, nalo halimwungi mkono yeyote. Anawaambia watoto wa Kivaa na mzee wa London kwamba wote wawili wanalia juu ya maji yaliyozuiwa, ilhali yeye mwaka 2024 aliletewa yote kwa pamoja, mabwawa yalipofurika na mto ukaingia mashambani na majumbani usiku, na kwamba kabla ya kumwuliza lolote wangemwuliza kwanza alilala wapi. Ndugu yangu amelisikizisha darasani mara mbili. Wanafunzi wametaka waruhusiwe kujibu kwa Kikamba na Kiswahili, ubeti kwa ubeti, na msichana yule amekwisha kutoa ubeti wa kwanza, ambao ni swali.